Kwenu Msioumwa Popote

Wanangu mlio kati ya miaka 20 na 40,

Marahaba. Naitikia kabla hamjaniamkia, maana nina maneno na najua muda wenu ni mfupi.

Nina miaka 67 na kijibomba cha waya ndani ya mshipa wa moyo. Nilipokuwa na miaka 58 niliamka alfajiri kifua kimebana, jasho linanitoka kama niliyemwagiwa maji. Nilikuwa mwembamba, natembea sana, na nikiamini lehemu, au kolesteroli mnavyoiita ninyi, ni shida ya wanene. Hapo ndipo nilipopotea.

Daktari alinionyesha kwenye skrini. Dawa ya rangi ilishuka vizuri ndani ya ateri, yaani mshipa unaoupelekea moyo damu, ikafika mahali ikabanwa ikawa uzi, kisha ikatanuka tena. Nikamuuliza kitu hicho kimeingia lini. Akatabasamu: "Mzee, kilianza ukiwa kijana."

Hakuwa anatania. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza mioyo ya askari 300 waliokufa katika vita vya Korea, wastani wa umri wao miaka 22. Asilimia 77 walikuwa tayari na dalili za ugonjwa huu wa lehemu kurundikana kwenye mishipa ya moyo.

Msiichukie lehemu yenyewe. Kila seli huitumia kwenye utando wake, na mwili hutengeneza kwayo homoni na chumvi za nyongo. Ini hujitengenezea nyingi, ndiyo maana mtu anaweza kula kwa adabu na damu yake ikawa nayo tele. Tatizo ni usafiri. Haiyeyuki kwenye damu, kwa hiyo hubebwa ndani ya vifurushi vya mafuta na protini. Vile viitwavyo LDL vikizidi, hupenya chini ya utando wa ndani wa ateri na kunasa humo. Vikiharibika, chembe nyeupe za damu huja kuvimeza zikidhani zinasafisha. Zinavimbiwa mafuta, zinakwama, nyingine zinafia palepale. Rundo linakua mwaka hadi mwaka. Jina lake la kitabibu, ateroma, limetokana na neno la Kigiriki la uji.

Hapa sikilizeni vizuri. Nilidhani mshipa huziba polepole kama bomba lenye kutu, mpaka tone la mwisho. Mara nyingi sivyo. Rundo hufunikwa na gamba. Gamba jembamba likipasuka, damu hukutana na ule uji na kuganda papo hapo. Hata rundo ambalo halijaubana sana mshipa laweza kufanya hivyo, ndiyo maana mtu aliyekuwa mzima jana leo anazikwa. Kwenye moyo ni shambulio la moyo, kwenye ubongo ni kiharusi. Presha na kisukari huharakisha mambo. Sigara siihubiri, mnaijua.

Tena karibu mtu 1 kati ya 250 huzaliwa na hitilafu ya kurithi: ini lake haliokoti LDL ipasavyo. Vipokezi vya kuiokota viligunduliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Baba au kaka akishikwa na moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65, msitafute mchawi. Pimeni, na watoto wenu wapimwe.

Kosa langu la pili linanitia aibu zaidi. Nilipewa statini, dawa za kushusha lehemu ambazo chanzo chake ni kuvu aliyoichunguza Mjapani Akira Endo miaka ya 1970. Baada ya miezi minne nikaziacha, kwa kuwa nilijiona mzima. Nilipopima tena LDL ilikuwa imerudi 171 kwa kipimo cha mg/dL, wakati daktari alitaka iwe chini ya 70. Dawa ndiyo iliyokuwa ikiishikilia chini, nami nikajipa sifa.

Kwa hiyo mkipima, msikubali kuambiwa tu "iko sawa". Ombeni karatasi, someni mstari wa LDL, andikeni tarehe, muiweke. Karatasi yangu ya kwanza niliipata nikiwa nimelala kitandani, waya zimebandikwa kifuani.

Mzee wenu