Usimlaumu Catherine, mlaumu baba yake

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na za mama pia. Anasema umekonda kwenye zile picha, ule. Huku wote hatujambo, ila joto ndio hilo unalolijua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho. Unasema Catherine wa kwenye filamu ya The Heiress hana utu: mwanamume karudi mwenyewe, kajieleza, kaomba radhi, naye anamfungia mlango usoni. Halafu ukaongeza kwamba ile ndiyo riziki aliyoandikiwa na kaipiga teke. Nimetaka kukujibu kwa simu nikaona nitabwata bure, bora niandike kama tulivyokuwa tukiandikiana zamani.

Nakujua, kilichokuponza ni uso wa Montgomery Clift, yule anayemcheza mchumba, Morris. Hata mimi. Mtu akiimba mapenzi kwa Kifaransa huku anapiga piano sebuleni kwako, na ana macho yale, utamwuliza anafanya kazi gani? Ila The Heiress umeitazama kama hadithi ya msichana na mchumba wake. Mimi naiona ni ya binti na baba yake, Morris kapita tu katikati.

Kumbuka lile gauni jekundu. Catherine anajua marehemu mama yake aliipenda rangi ile, kwa hiyo kalivaa akitarajia baba afurahi. Baba mwenyewe, Dakta Sloper, anamtazama, kisha anamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba mama yake alikuwa na weupe wake, rangi ile yeye aliitawala. Basi. Hakumtukana wala hakumkaripia. Ralph Richardson, anayeicheza nafasi hiyo, anaweza kukuchoma kwa adabu namna ile. Msichana kaishi miaka yote nyumba moja na marehemu asiyezeeka wala kukosea, na kila siku anapimwa naye.

Sasa anatokea Morris, hana kazi, kala urithi wake wote. Catherine ana dola 10,000 kwa mwaka alizoachiwa na mama, na baba akifa ataongezewa 20,000, kila mwaka. New York ya katikati ya karne ya 19, shoga! Baba anasema huyu kafuata mali. Na kweli kafuata mali, hapo sibishani na mtu. Mzee alikuwa na haki, na ndicho kinachoniuma, kwa sababu mtu mwenye haki hakatazwi kusema, akasema mpaka akamvunja mwanawe. Kampeleka Ulaya kwa miezi, karudi naye bado anampenda Morris, subira ikamwisha. Akamweleza kwamba wako wanawake mia wazuri kuliko yeye na elfu wenye akili kuliko yeye, alichowazidi ni fedha tu. Halafu akakumbuka kitu: hapana, unatarizi vizuri.

Mimi pale nilisimamisha filamu nikaenda jikoni.

Ndipo unapoufika ule usiku wa kutoroka. Catherine kafunga mizigo, anamngoja Morris na gari la farasi. Mapema usiku huo yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia kuwa urithi wa baba hautaki tena, na kamwambia kwa furaha kabisa, kama anayempa zawadi. Rudia pale, utazame uso wa Morris. Kisha kila gari linalopita nje binti anakimbilia mlangoni, nalo linapita zake. Anayeshuka kumwambia ukweli ni shangazi Lavinia. Nampenda na simwezi yule mama, kisebusebu na kiroho papo! Mapenzi ya watu anayanogea kama yake, barua anapeleka, siri anaficha, na Morris akija nyumbani anamkirimu kwa brandi na sigara za kaka yake. Na usiku ule faraja aliyonayo ni kumlaumu mtoto kwamba angetumia akili kidogo, asingetaja mambo ya urithi.

Catherine anamjibu neno ambalo wewe hukulitaja kabisa. Anasema Morris lazima aje, lazima ampende kwa niaba ya wote ambao hawakumpenda. Umesikia? Wote. Anazungumzia nyumba ile.

Kisha anapanda ngazi na sanduku lake. Inasimuliwa kwamba mwongozaji, William Wyler, alimrudisha Olivia de Havilland, anayemcheza Catherine, ngazi zile mara nyingi hadi mama wa watu akakasirika akalirusha sanduku. Wyler akagundua ni tupu, akaagiza lijazwe vitabu. Ule uzito unaouona mabegani si uigizaji peke yake. Na usimwonee huruma sana, huyu ndiye aliyeishtaki studio yake ya filamu, Warner Bros., kwa kutaka kumrefushia mkataba, akashinda katika mahakama ya rufaa ya California mwaka 1944. Mchezo wa jukwaani uliozaa filamu hii aliuona New York, akamfuata Wyler mwenyewe amwombe waufanye filamu. Ukampa Oscar yake ya pili.

Baba alipougua, kajipima kifua mwenyewe akajua safari imefika, Catherine alikuwa kashabadilika. Alimwambia usoni kwamba hakumlinda kwa upendo, alimlinda kwa dharau. Alimwona mchoshi, akaamini hakuna mwanamume atakayemwona vingine. Akamwekea na karatasi, kama anataka kubadili wosia aseme, yeye ataandika. Mzee akashindwa. Na siku anakata roho, mtumishi anamwita, binti yuko kwenye benchi bustanini, haendi. Shoga, mbona hapo hukusema hana utu? Mwanamke kakataa kumuaga baba yake, umenyamaza, kaja kulalamikiwa kwa sababu ya Morris!

Ule mlango aliomfungia Morris aliporudi, hata kwenye riwaya ya Henry James ya 1880, ilikotoka hadithi hii, haumo. Mle anamwambia tu asirudi, anarudi kwenye kazi yake ya mikono. Ni waandishi wa mchezo walioliongeza komeo, na nawashukuru. Kwa sababu tazama anachofanya kabla: amekaa anamalizia kutarizi alfabeti, imebaki herufi ya mwisho. Anamaliza, anakata uzi, anasema hatatarizi tena. Lile jambo moja ambalo baba alikiri analiweza, kaliacha. Morris nje anagonga, anaita jina lake, yeye anachukua taa anapanda juu.

Riziki unayosema, mimi sikuiona. Niliona watu wazima wakipiga hesabu juu ya kichwa cha mtoto.

Ila kuna kitu sijamsamehe. Vile vifungo vya rubi alivyonunua Paris, kwa nini alimpa Morris kabla ya kumfungia? Mume wangu anasema ndiyo ilikuwa chambo, asingeondoka bila kurudi. Mimi nasema rubi ni rubi, nisingempa hata kimoja. Niambie wewe, na hiyo nguo ya mama usiisahau, saizi ni ile ile.

Wako,
shoga yako wa siku zote