Mbwa wako anakohoa: je, ni homa ya mafua?

Msimu wa kusi ukiingia, simu za kikohozi huongezeka hapa kliniki kwetu Nyali. Wenye mbwa huuliza swali lilelile: ameshikwa na homa ya mafua?

Yawezekana, ila silo jambo la kwanza tunaloshuku. Mbwa anayeshinda uani na kutembezwa ufuoni jioni, hatari yake ni ndogo. Virusi hivi vinataka msongamano. Aina ya H3N8 ilitoka kwa farasi ikaingia kwa mbwa wa mbio huko Florida, Marekani, mwaka 2004. H3N2, yenye asili ya ndege, ilienea Korea Kusini na China kabla ya kuzuka Chicago mwaka 2015. Kote huko ilishamiri palipokusanyika mbwa wengi. Ikiingia bandani, karibu wote huambukizwa, na takriban mmoja kati ya watano haonyeshi dalili yoyote. Huyo ndiye anayetutia hofu, maana anaambukiza wenzake huku akitikisa mkia.

Kwa hiyo swali letu la kwanza ni: juzi na jana alilala wapi, na nani? Kikohozi kikavu, kama cha mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, mara nyingi ni kikohozi cha banda, kazi ya bakteria wa Bordetella au virusi vya parainfluenza. (Chanjo ya parainfluenza iliyo kwenye kadi yake haikingi homa ya mafua, kwani hiyo huletwa na virusi vingine kabisa.) Makamasi mazito, matongotongo, kuhara na misuli kutetemeka hutufanya tufikirie distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, nao huua. Kwa macho tu hatuwezi kuapa ni kipi. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi, kwa usufi wa puani siku za mwanzo, ndicho hutoa jibu.

Watoto wenu wasiwe na wasiwasi: hakuna mtu aliyethibitishwa kuambukizwa homa hii ya mafua na mbwa.

Akikohoa, usimlete moja kwa moja mapokezini. Piga simu, mwache garini, daktari atakuja. Usimpe Panadol wala dawa nyingine ya watu. Na wanaotuachia mbwa Disemba wakisafiri: aliyekuwa na H3N2 anaweza kuendelea kutoa virusi hadi wiki tatu na zaidi hata kikohozi kikiisha, kwa hiyo hatutampokea kabla ya mwezi kupita, hata mkitubembeleza.