Salamu za Krismasi kwa waliobaki na kondoo

Ndugu, jamaa na marafiki wa Moshi, Arusha na kokote mliko, Bwana Yesu asifiwe.

Tunajua wengi wenu mtazisoma salamu hizi mkiwa njiani. Mabasi ya kutoka Dar yamejaa, nauli ndiyo hiyo, na watani wetu wameshaanza: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Utani huo tumeuzoea, na ukiuangalia vizuri una andiko nyuma yake. Luka anasema watu wote walikwenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao, na Yusufu naye akafunga safari na mke mwenye mimba kubwa. Ukimwona baba pale Njia Panda ya Himo, mtoto begani, begi mkononi, anaulizia gari la Rombo huku mama watoto amenuna kwa uchovu, umeiona hiyo sura ya pili ya Luka.

Sisi mwaka huu hatuhesabiwi. Mbuzi wa kwa Babu atachinjwa bila sisi, kisusio, ile supu ya damu, watakunywa wengine, na shemeji zangu wameshaahidi kututumia picha za ndafu ili watuumize roho. Ndivyo ilivyo tangu baba watoto alipopangiwa uinjilisti huku na mimi nikapata kazi ya uuguzi kwenye zahanati. Mtoto wetu wa mwisho hana kumbukumbu ya Krismasi ya Uchagani. Yeye anaamini Krismasi ni sikukuu ya Kimasai.

Kwa wasiojua tuliko: shika barabara ya Namanga kutoka Arusha, kama kilomita 80 uko Longido mjini. Hapo unaiaga lami, unaelekea magharibi hadi mlima Kitumbeine. Juu ni msitu na ukungu, chini ni migunga na vumbi. Asubuhi kukiwa kweupe Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana kwa mbali upande wa mashariki, na kuna mama mmoja wa Kichaga ambaye huduwaa uani na ufagio mkononi mpaka maziwa yanamwagikia jikoni.

Kila tukishuka Moshi tunapita Usa River, na karibu na hapo ni Akeri. Ndiko walikouawa Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Oktoba 1896, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Hilo husimuliwa sana kanisani. Kinachosimuliwa kidogo ni kwamba Wajerumani walipokwenda kulipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha, wapiganaji wa Kichaga walikuwamo katika msafara huo, na ng'ombe waliswagwa. Misheni ilirudi Meru mwaka 1902 na kuanza Nkoaranga. Watoto wetu tunawasimulia yote, la mashahidi na la ng'ombe. Mtu wa Kilimanjaro anayekwenda na Biblia kwenye mlima wa wenzake ni vizuri ajue babu zake waliwahi kwenda milima ya watu na nini.

Mnatuuliza kila mwaka tunawapelekea nini Wamasai. Sukari na majani ya chai, kama mgeni yeyote mwenye adabu. Mliotaka kutuma marobota ya mitumba tunawashukuru, lakini huku watu wananunua nguo mnadani kama nyie mnavyonunua soko la Memorial pale Moshi, tena wanajua kupunguziwa bei kuliko nyie. Na zile picha za watoto wamepangwa mstari wanagawiwa pipi, sisi hatupigi.

Ibada ya Krismasi huku haina saa. Inaanza mifugo ikishakamuliwa na kutoka. Akina mama wanafika na shanga zao za sikukuu, watoto wanakuinamishia vichwa uwaguse, unaamkiwa "takwenya" unaitikia "iko", na kabla kengele haijagongwa umeshagusa vichwa vya kijiji kizima. Baada ya ibada ni mnada wa sadaka. Mwaka jana kuna kondoo mmoja aliyenunuliwa, akarudishwa madhabahuni, akanunuliwa tena, akarudishwa tena. Mtunza hazina akaomba mwenye kondoo ajulikane ili afunge hesabu. Hakujulikana. Tulimla.

Lakini nilitaka kuwasimulia lile swali. Baba watoto alikuwa amesoma habari za wachungaji wa Bethlehemu, zikatafsiriwa, akafunga kitabu ahubiri. Mzee mmoja wa mbele akasimama na fimbo yake. "Mwinjilisti, samahani. Hao watu walipokwenda kumwona mtoto, kondoo waliwaachia nani?"

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Ni usiku, ni makondeni, fisi wapo. Mwenye mifugo hawezi kulivuka hilo. Mmoja akajaribu: labda malaika alibaki kulinda. Mzee akakataa papo hapo: malaika walikuwa wameshaondoka kwenda zao mbinguni, imesomwa sasa hivi. Na kweli imeandikwa, rudini mkasome. Ubishi ukaendelea, mahubiri yakasahaulika, mwinjilisti wangu amekaa kwenye benchi anasikiliza kama mwanafunzi. Mwishoni mama mmoja akasema kutoka nyuma, bila kusimama: walibaki layoni, yaani wale wavulana wanaochunga.

Hakuna aliyembishia. Mwanawe mwenyewe hakuwepo kanisani, alikuwa malishoni na wenzake, kama ilivyo kila Krismasi. Luka naye anasema wale wachungaji walilinda kundi lao kwa zamu. Wenye zamu usiku ule hawatajwi tena mahali popote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafikiria hao wa zamu, maana mimi mwenyewe mkesha wa mwaka jana nilikuwa zahanati na mzazi mwenye uchungu, nikisikia nyimbo kwa mbali. Basi salamu zetu za mwaka huu zianze kwao. Dereva wa basi atakayewafikisha nyumbani tarehe 24 usiku, halafu ageuze gari. Wapagazi wa Mlima, vijana wa Marangu na Machame, ambao Krismasi yao ni kubeba kilo 20 za wageni kupita juu ya migomba ya mama zao. Desemba ni msimu, nani atakataa kazi? Askari wa doria, muuguzi mwenzangu wa wodi ya wazazi, mlinzi wa getini. Na dada wa kazi aliyeachwa Dar alinde nyumba wakati bosi amekwenda kuhesabiwa: naye ana kwao, jamani. Mkirudi, mabosi, mpeni nauli na siku zake.

Nao hao layoni. Katika ukame wa 2022 vijana wa hapa walihama na ng'ombe mbali sana kutafuta majani, na wako waliorudi na fimbo tu. Walikuwa watoto wa umri wa kucheza mpira. Mwaka huu vuli imetusaidia, maziwa yapo, na tumepatana na wazee jambo: tarehe 25, baada ya ibada na kabla ya nyama, tutateremka mpaka kisimani wanakonyweshea, na birika, na mandazi, na Luka. Ibada itafanyika huko wakati ng'ombe wanakunywa. Itakuwa fupi, ng'ombe hawasubiri baraka. Mzee wa swali amesema atakuja. Ndama wake atamwachia nani, hajatuambia.

Babu na Bibi, shikamooni. Tutapiga simu mchana, nipo kwenye mtandao nikipanda kile kichuguu nyuma ya zahanati, kwa hiyo mkiniona nimekatika msinune. Mashemeji, punguzeni picha. Na anayepita njia ya Namanga kabla ya tarehe 24 atuachie mkungu wa mshare pale Longido mjini, mtori tutapika wenyewe.

Krismasi njema na heri ya mwaka mpya, kutoka kwetu sote, Kitumbeine.