Siku moja Mikindani na mbwa wa babu

Lindi, 21 Julai

Shoga yangu wa Tanga,

Salamu zako nimezipata, na pole kwa mafua. Mimi nimerudi kituo changu cha kazi salama tangu juzi, ila sikurudi peke yangu. Kaa chini kwanza. Nimekuja na mbwa. Najua hapo ushavuta kanga miguuni. Tulia, yeye yuko uani Lindi, wewe uko Tanga.

Ni mbwa wa marehemu babu. Baada ya arobaini vitu viligawanywa, baiskeli ikapata mtu, redio ikapata watu wawili wakagombana, mbwa akakosa. Anaitwa Watasema. Babu alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani yake, ugomvi wa mikorosho minne tu, akaona badala ya kurushiana maneno afuge mbwa, ampe jina, kisha amwite kwa sauti kila jioni. Jirani naye akafuga wake, akamwita Hayakuhusu. Basi jua likizama mtaa mzima unasikia: "Watasema!" Halafu ng'ambo ya mikorosho: "Hayakuhusu!" Miaka hiyo yote hawakuongea kwa njia nyingine. Na msibani, wa kulia kuliko sisi wajukuu alikuwa yule jirani.

Nilimchanja kichaa cha mbwa Masasi, cheti nikakitia kwenye pochi, nikaanza kutafuta usafiri. Kumbe basi lisilokataa kuku wala ndoo ya samaki linakataa mbwa. Akaniokoa mjomba na pikapu yake. Alikuwa anapeleka makopa Mtwara, kwa hiyo tukazunguka kwa Newala na Tandahimba, tukalala Mtwara, asubuhi tushike njia ya Lindi. Tulikwenda kilometa kumi. Tulipofika Mikindani klachi ikasema basi. Fundi wa pale akaingia chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa, mjomba akapanda hiace kurudi mjini kutafuta spea. "Nisubiri, saa mbili tu." Saa mbili za mjomba zilianza saa tatu asubuhi zikaisha magharibi.

Sasa, Mikindani nimeipita mara nyingi dirishani kwa basi. Unaona maji yametulia kama ya kwenye sinia, kuta za mawe zisizo na paa, mbuyu, halafu imekwisha. Wazungu wanatoka kwao kuja kuzamia humo baharini, na mimi wa mkoa huohuo sijawahi hata kushuka. Siku hiyo nilishushwa. Na ukiwa na mbwa kwenye mji wa Waislamu wa pwani huingii ndani popote, unabaki mtu wa nje. Nimeijua Mikindani kwa vizingiti vyake.

Chai nilikunywa nimesimama. Mama wa vitumbua aliniambia bila ukali, "Mwanangu, wewe karibu, mwenzio akae kule kwenye mkungu." Mwenzangu akakaa kule, kamba nimeifunga shinani, akawa ananitazama kila kitumbua kinavyopanda mdomoni. Nilimpelekea kimoja. Hajawahi kuonja iliki, alikitema, akakifikiria, akakila.

Barazani karibu na hapo kulikuwa na mzee mmoja na kanzu yake na kibao cha bao. Akaniuliza jina la mnyama. Nikamwambia. Akacheka mpaka kete zikamwagika. "Watasema nini?" Nikamsimulia habari ya mpaka. Akanisogezea upande wa baraza nikae, mbwa chini kwenye mchanga. Mimi nikawa namvuta asimkaribie, mzee akasema, "Mwache. Yeye mkavu na mimi mkavu, hakuna neno. Mate ndiyo yana kazi." Akanihesabia kwa vidole: chombo kikirambwa, mara saba, moja kwa udongo. Wewe haya uliyasoma madrasa, mimi nilikuwa nayasikia nusunusu tangu bwenini, ulipotupa kikombe chako kizima kwa sababu ya yule koko wa jikoni. Kumbe kilikuwa kinaosheka! Bado nakudai kikombe, kilikuwa changu.

Kisha tukatembea. Kuna mlango mmoja nataka niuandike vizuri kwa sababu nilikaa mbele yake muda mrefu, Watasema akiwa amelala usingizi kwenye kivuli chake. Nyumba yenyewe ya matumbawe na chokaa, paa hakuna, mzizi wa mti umeteremka ukutani mnene kama paja. Lakini mlango umesimama. Mbao zimekuwa kijivu kwa chumvi, mfaa wa katikati umechongwa maua kutoka juu hadi chini, na chini kabisa maua yamefutika, pamekuwa laini, kwa miguu na mikono ya watu waliopita. Ubao wa kushoto upo. Wa kulia umeibwa au umeoza, mtu kaziba kwa bati, na kwenye bati kachora ua kwa mkaa, akifuatisha lile la mbao. Nikaligusa, mkaa ukanishika kidoleni. Maana yake alilichora karibuni.

Boma la Wajerumani, lile la 1895 ambalo siku hizi ni hoteli, nililitazama kutoka chini. Mweupe sana ule ukuta kwa mtu mwenye mbwa mwenye vumbi la Newala.

Na Livingstone hakosekani, ana kibao chake ukutani. Alishukia ghuba hii Machi 1866, safari yake ya mwisho, na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda. Darasani huwa nawaandikisha hayo wanafunzi halafu nawaambia nisichotakiwa kuwaambia: kwenye safari ile alikuwa pia na kijibwa, Chitane. Kilikuwa kinakimbia mbele ya msafara kumwona wa kwanza, kinarudi nyuma kumbwekea wa mwisho asizembee. Januari 1867 walivuka kinamasi kipana, kila mtu akihangaika na mzigo wake, hakuna aliyekumbuka kukibeba. Kiliogelea mpaka kikachoka, kikazama. Ngamia hakuna mwanafunzi anayewakumbuka kwenye mtihani. Chitane wanamkumbuka.

Labda ndiyo maana pwani niliikaza kamba. Maji yalikuwa yamekupwa, wanawake wako mbali kwenye tope na ndoo, wameinama wanaokota chaza. Watasema hajawahi kuona bahari. Alisimama ukingoni, akanusa, akaona ni maji kama maji mengine, akanywa kwa pupa. Shoga, ile sura! Alipiga chafya tatu, akarudi kinyumenyume, akaibwekea bahari ya Hindi kama imemtukana. Watoto waliokuwa wanatufuata kwa mbali kwa woga walianguka kwa kicheko, na woga ukaishia pale. Wakaanza kumrushia kungu, yeye anakimbilia, harudishi. Mpaka alasiri watoto kama kumi wanapita vichochoroni wakipiga kelele "Watasema! Watasema!" na kina mama wanachungulia madirishani, mmoja anauliza kwa wasiwasi kabisa, "Nani kafanya nini?"

Mchana nilikula ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu kusini, ya kuchemsha kwa chumvi na kachumbari, miguu yangu kwenye mchanga. Sikuwa na simu, chaji iliisha. Sikuikumbuka.

Mjomba alirudi jua linazama, na spea ya gari lingine. Alikwenda tena, akaja na sahihi usiku, sitaki kukuchosha na hayo. Mzee wa bao alipotoka kuswali magharibi alitupitia, akampungia Watasema mkono wa mbali, akamwambia, "Wamesema?"

Nakungoja mwezi wa nane kama ulivyoahidi. Chumba chako kina mlango na kitasa, mbwa haingii. Kikitokea cha kutokea, ndoo ipo, udongo upo, na saba nitakuhesabia mwenyewe. Ila uje na kikombe changu.

Shoga yako wa Masasi