Barua kwa shoga yangu wa Malindi kuhusu ndugu yake Usufi

Mkomani, Lamu
12 Novemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima, kama tulivyo sisi huku Lamu, alhamdulillahi. Swali lako lilinifikia zamani, nami nimekawia kulijibu kwa kuwa sikutaka kulijibu kwa maneno mawili ya simu. Umeniuliza kama umchukue yule sungura jike aliyebaki katika kituo cha wanyama walioachwa huko kwenu, ndugu yake Usufi, sungura wangu niliyemchukua hapo hapo, na kama kweli wanyama hawa wana mapenzi kama nilivyokusimulia. Mapenzi wanayo, tena tele. Lakini manyoya yao ni kazi ya kila siku na joto la pwani yetu ni adui yao, na hayo ndiyo ninayotaka uyajue kabla hujatia sahihi karatasi yoyote.

Unakumbuka kwamba mwezi wa Aprili nilikwenda kituoni kumsindikiza binti yangu tu, aliyetaka kuwaona wanyama. Mwenye sungura wale alikuwa mgeni aliyekaa Malindi miaka kadhaa, kisha akarejea kwao na kuwaacha. Usufi alikuja mwenyewe hadi ukingoni mwa kizimba, akainamisha kichwa, akaliweka paji lake kwenye vidole vyangu na kutulia. Mtunzaji aliniambia kwamba sungura akifanya hivyo huwa anaomba apapaswe. Kabla ya kunikabidhi waliniuliza maswali mengi: atakaa chumba gani, nani atamchana, paka wa mtaani watazuiwaje, na nani atamtunza nikisafiri, maana sungura anayelelewa ndani ya nyumba huishi miaka minane, hata kumi na zaidi. Maswali hayo yalinipendeza. Waliniambia pia kwamba ameshatolewa kizazi, kwa sababu majike wasiotolewa hupatwa sana na saratani ya kizazi umri wao unaposogea.

Tulirudi kwa basi la alfajiri kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, Usufi akiwa ndani ya tenga nililolitandika nyasi na kulifunika leso mbichi, kisha tukavuka kwa boti. Jina nilimpa njiani, nikikumbuka usufi wa mito tuliyolalia kwa bibi yangu.

Sasa nikueleze habari ya manyoya. Hawa ni wa jamii ya Angora, ambao jina lao limetokana na mji wa Ankara wa Uturuki, na watu waliwafuga tangu zamani kwa ajili ya manyoya hayo, ambayo hutia joto kuliko sufu ya kondoo. Hukua yapata sentimita mbili na nusu kila mwezi. Usipomchana kwa siku chache, mafundo hujifunga nyuma ya masikio, kwapani na chini ya mkia, na fundo likikaza huivuta ngozi hata mnyama akaumia kila anapopiga hatua. Ngozi yenyewe ni nyembamba mno. Mwezi wa kwanza nililikata fundo kwa mkasi bila kutanguliza chanuo kati ya fundo na ngozi, nikamjeruhi, na mpaka leo nikishika mkasi mkono wangu huenda polepole. Kumwosha kwa maji usijaribu, kwa kuwa kulowa humtia hofu kubwa na manyoya hayo hayakauki upesi. Mimi humchana kila baada ya siku moja, na kila miezi mitatu humpunguza manyoya hadi yabaki mafupi kama ya paka. Watu husema nimemharibia uzuri wake, nami huwajibu kwamba uzuri huo uliumbiwa nchi za baridi.

Sehemu ya chini ya mkia iangalie kila siku bila kukosa. Ikichafuka, nzi hutaga humo, na mayai yao huweza kutoka funza katika siku moja tu.

Kuna jambo jingine la manyoya ambalo lilinifundisha hofu. Sungura hujilamba kama paka, lakini hawezi kutapika, kwa hiyo anachokimeza hakina njia ila ya mbele. Mwezi wa Juni niliona chembe za kinyesi chake zimeungana kwa nywele, moja baada ya nyingine, kama tasbihi. Sikuelewa. Kesho yake jioni aliacha kula, akajikunyata pembeni, na binti yangu alipompelekea majani aliyoyapenda aligeuza uso. Nilingoja hadi asubuhi, na hilo ndilo kosa ninalokuomba usilifanye, kwa sababu sungura asiyekula kwa saa kumi na mbili yuko hatarini: tumbo lake husimama, hujaa hewa, na maumivu yakazidi kumzuia kula. Daktari wa mifugo alimdunga maji chini ya ngozi na dawa ya maumivu, kisha tukamlisha kwa sirinji uji wa nyasi zilizosagwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, siku mbili nzima. Alipoanza kutafuna mwenyewe nililia. Hapa kwetu hakuna aliyenishangaa kwa kumtibia mnyama, kwani punda wa Lamu wamekuwa na hospitali yao tangu 1987; walichoniuliza majirani ni lini nitamchinja, maana sungura ni halali. Niliwaambia huyu si wa chungu, na wakaniacha.

Tangu siku ile nyasi ndiyo chakula chake, karibu asilimia 80 ya yote anayokula. Namnunulia kwa yule kijana anayewakatia punda. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na nyasi ndizo zinazoyasaga na kulifanya tumbo litembee. Majani ya viazi vitamu humpa kidogo, na karoti ambayo watoto wote hudhani ndiyo chakula chake huila kama halua, kipande kimoja mara mojamoja.

Mapenzi yake yana namna yake. Hapendi kubebwa, kwa kuwa huyo ni mnyama wa kuwindwa na kunyanyuliwa kwake ni kama kushikwa na mwewe; akipapatika hewani anaweza kuuvunja uti wake wa mgongo. Ukikaa mkekani ndipo anapokuja. Baada ya sala ya alfajiri hunisukuma mguu kwa pua, hunilamba mkono, kisha hulala juu ya upindo wa leso yangu akisaga meno taratibu kwa raha, sauti ndogo ambayo lazima uinamishe sikio uisikie. Usiku paka wakipita darini hupiga sakafu kwa mguu wa nyuma kunionya.

Na joto, shoga yangu. Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto lake hulitoa zaidi kwa masikio, na joto la chumba likizidi nyuzi 28 huanza kuteseka. Nyumba yetu ni ya mawe, yenye kuta nene, naye hukaa msana wa chini, yaani ukumbi wa ndani, ambao jua haliufikii, pamoja na chupa ya maji ya barafu niliyoizungushia kitambaa ili ajiegemeze. Kaskazi ndiyo inaingia. Nyumba yenu ina paa la bati, nami nakumbuka jinsi tulivyokuwa tukitoka nje saa nane mchana. Weka kipimajoto sakafuni katika kile chumba cha nyuma, ukisome saa hiyo kwa siku saba. Kikivuka 28, tafadhali usimchukue, hata akikuinamishia kichwa.

Nitakuambia na jambo lililokuwa likinikaa moyoni. Ndugu yake alibaki kwa sababu siku zile alikuwa akitibiwa ngozi iliyooza chini ya mafundo, nami sikuwa na subira ya kumngoja apone. Wanyama hawa huishi kwa kundi, na wale wawili walikuwa wakilala ubavu kwa ubavu. Ikiwa chumba chako hakifai, niandikie. Nitapanda basi nije na lile tenga, nao nitawazoesha tena polepole, kila mmoja upande wake wa wavu kwanza.

Kwa vyovyote pita kituoni umwangalie, uniambie manyoya ya nyuma ya masikio yako vipi, na kama anakula.

Nisalimie shemeji, na watoto wabusu.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Mkomani