Mzabuni wa mahindi ya shule asipimwe kwa gunia la kwanza

Mhariri,

Kamati nyingi za shule humpima mzabuni wa mahindi kwa shehena ya kwanza, ambayo aghalabu huwa safi, ilhali tabia yake hasa huonekana baadaye, mvua zikishanyesha na bei ikishapanda. Kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu, haisambai sawasawa ndani ya shehena, mpokeaji achome bambo, kile chuma chenye mfereji cha kutolea sampuli ya nafaka, kwenye magunia mengi, si lile la mlangoni tu (ambalo mzabuni amelichagua mwenyewe), achanganye sampuli, kisha apime unyevu, usiozidi asilimia 13.5, kabla ya kutia sahihi. Baada ya vifo vilivyotokana na sumukuvu Dodoma na Manyara mwaka 2016, inashangaza kwamba zabuni bado hutolewa kwa bei peke yake, bila kumbukumbu ya shehena zilizokataliwa.

Mzazi,
Dodoma