Kwa vijana wa Tabora mnaoutaka udereva wa treni ya umeme

Mwangaluka, wajukuu zangu.

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, kibaraza changu hakikauki wageni. Mnakuja na simu mkononi, mnanionyesha Mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua iliyochongoka, ukikata mbuga kwa kilomita 160 kwa saa, na wote mna ombi moja: "Babu, wewe ni mtu wa reli, tusaidie tupate udereva." Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza habari za njia yenyewe.

Siwacheki. Nilipokuwa na umri wenu nilitaka hichohicho. Tulikaa karibu na stesheni, na nikiwa kitandani nilijua kwa mngurumo tu kama inayopita ni ya mizigo au ya abiria. Nikaomba, nikaitwa, nikafika hadi kwa daktari. Akanifungulia kitabu chenye madoadoa ya rangi, akaniuliza naona namba gani. Mimi niliona madoadoa. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Kumbe kwangu mimi nyekundu na kijani ni pacha, na mtu wa namna hiyo hakabidhiwi treni. Mtaa mzima nilikuwa nimeshautangazia, na shangazi alikuwa ameshachinja kuku. Tulimla kimyakimya.

Wakanipeleka genge la njia. Kubadili mataruma yanayolaliwa na reli, kushindilia kokoto, kukaza bolti, kutembea na nyundo begani tangu alfajiri. Mwaka wa kwanza nililichukia genge lile, nikawa nageuza uso treni ikipita. Mchana wa Oktoba chuma hurefuka kwa joto, na reli isiyoachiwa nafasi kwenye kiungo hujipinda kama nyoka. Lazima mtu aione kabla treni haijafika. Mtu huyo alikuwa mimi. Taratibu sikio likafunguka: ukigonga bolti iliyokaza inalia, iliyolegea inakohoa. Sijui lini hasa niliacha kugeuza uso.

Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe. Hapo hata dereva hodari kuliko wote hakuwa na la kufanya. Waliotafutwa ni watu wa mawe, wa madaraja, wa genge.

Na udereva wenyewe mnautazama mkiwa mmesimama stesheni. Rafiki yangu aliufanya mpaka akastaafu. Watoto wake wawili walizaliwa akiwa safarini. Aliniambia kilichomchosha kuliko yote ni kungoja: reli yetu hii ya zamani ni njia moja, treni zikipishana mmoja anakaa stesheni, na pengine ni saa nane za usiku, mbu wamejaa, chai imeisha. Ng'ombe aliowagonga hakuwahesabu. Siku aliyogonga mtu hakupenda kuisimulia, nami sikumchokonoa. Hata hivyo aliipenda kazi yake. Mkitaka kujua kama mtaipenda, waulizeni watu wa namna yake habari za saa nane za usiku. Za siku ya uzinduzi mnazijua tayari.

Treni hiyo ya umeme inapita chini ya nyaya za volti 25,000. Nyaya hizo zina watu wake. Vituo vya kupoza umeme vina watu wake, ishara na mitambo ya mawasiliano vilevile, karakana ndiyo usiseme. Kiti cha mbele ni kimoja. Vipande vya kuja huku kwetu, na vya kwenda Mwanza na Kigoma, vikikamilika, kazi nyingi zitakuwa huko msikokutazama. Ufundi umeme unafundishwa VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi, na Chuo cha Reli kipo hapahapa mjini, mnapita nje yake mkienda kuangalia mpira.

Wapo wasemaji wa semina wanaowaambia msikubali chochote kilicho chini ya ndoto zenu. Mimi husikiliza, kisha najiuliza nani analipa kodi ya chumba wakati huo wa kutokubali. Mmoja wenu, simtaji, alipata kibarua cha kufunga nyaya za majumbani akakikataa kwa kuwa anangoja tangazo la udereva. Huu ni mwaka wa pili anangoja, na mama yake anauza mihogo ili ampe vocha ya simu ya kutazamia hilo tangazo. Kijana, kibarua kile kingekuwa kimeshakufundisha kuushika umeme bila kufa.

Anayeutaka udereva kwa dhati aendelee kuutaka, nitamwandikia hata barua kwa mkono wangu. Ila kesho asubuhi aende kwanza hospitali akapimwe macho, kabla hajamwambia shangazi yake.

Babu yenu wa genge la njia